GOFU NA NJIA YA WAPAGAZI
Anayejua kutembea kwa kipimo ameshajifunza nusu ya mchezo

Wapo watu wengi katika miji yetu ambao wakisikia neno gofu hufikiri mara moja juu ya bwana mnene aliyevaa kofia nyeupe, huku nyuma yake akifuatwa na kijana mwembamba aliyebeba mkoba uliojaa fimbo. Picha hiyo haikuzuka bure. Wakati wa ukoloni viwanja vya gofu katika Tanganyika, kama ilivyokuwa Kenya na Uganda, vilikuwa vya klabu za Wazungu, na Mwafrika aliingia humo kwa kazi ya kubeba mkoba, kukata majani au kuhudumia mezani. Ndiyo maana hata leo mfanyakazi wa kawaida huuona mchezo huo kuwa jambo lisilomhusu.

Lakini mtu akiweka kando klabu na kofia, akautazama mchezo wenyewe, ataona kwamba kiini chake ni mambo mawili: kutembea na kupima. Kiwanja kamili kina mashimo 18, na mchezaji anayeyamaliza yote huwa ametembea kilometa 8 hadi 10 kwa muda wa saa nne hivi. Katika mwendo huo wote mwanafunzi wa mchezo hupiga mpira pengine mara 100, na kila pigo huchukua muda wa kufumba na kufumbua. Muda uliobaki anatembea, anaitazama ardhi, na anakadiria. Kazi hiyo si ngeni kwa watu wa Tabora, kwani ni nchi chache mno katika Afrika Mashariki zilizopata sifa ya kutembea kwa kipimo kama Unyamwezi.

SHULE YA NJIA NDEFU

Kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912, mizigo yote ya njia kuu ya kati ilipita juu ya mabega na vichwa vya watu. Kutoka Bagamoyo hadi Unyanyembe ni zaidi ya kilometa 800, na msafara ulihitaji kiasi cha miezi mitatu. Henry Morton Stanley, aliyeondoka pwani mwezi Machi 1871, alifika Kwihara karibu na Tabora mwezi Juni. Kutoka hapo njia ziligawanyika: moja ilikwenda Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, nyingine Karagwe na Buganda, na nyingine ilishuka kuelekea Katanga.

Wapagazi wa Kinyamwezi waliojaza njia hizo walikuwa wafanyakazi wa ujira, waliojua thamani ya kazi yao na waliopatana malipo kabla ya kuinua mzigo. Mtu alibeba kiasi cha frasila mbili, yaani kilo 30 na kitu. Msafara uliondoka alfajiri na kupiga kambi kabla jua halijawa kali. Mbele yao alitangulia kirangozi, ambaye kazi yake ilikuwa kuichagua njia na kuushika mwendo. Sifa yake haikuwa nguvu za mwili, bali kujua maji yako wapi, bonde lipi halipitiki wakati wa masika, na watu waweza kufika wapi siku hiyo bila kuvunjika miguu.

Mambo hayo matatu, yaani kubeba unachokiweza, kugawa safari katika vituo, na kuijua ardhi kabla ya kuikanyaga, ndiyo hasa yanayomtofautisha mchezaji mzuri wa gofu na yule anayepiga mpira kwa hasira.

ALIYEBEBA NDIYE ALIYEJUA

Kijana mbeba mkoba katika gofu ni ndugu wa kirangozi. Yeye ndiye ajuaye kwamba mpira ukiangukia upande huu utateremka mtaroni, na kwamba upepo wa mchana si upepo wa asubuhi. Si ajabu basi kwamba wachezaji wengi wa kulipwa wa Afrika Mashariki walianza kwa kubeba mikoba ya wengine, wakijifunza kwa macho mchana na kwa fimbo ya kuazima jioni.

Huko Afrika Kusini alikuwapo Sewsunker Sewgolum, mtu wa asili ya Kihindi wa Durban, aliyejulikana kwa jina la Papwa. Alikuwa mbeba mikoba. Hakufundishwa na mwalimu, na alishika fimbo kinyume cha kawaida, mkono wa kushoto ukiwa chini ya ule wa kulia. Kwa mshiko huo alishinda mashindano ya wazi ya Uholanzi mwaka 1959, 1960 na 1964. Mwaka 1963 aliposhinda mashindano ya Natal katika mji wake mwenyewe, alikabidhiwa kombe nje, mvua ikinyesha, kwa kuwa sheria za ubaguzi hazikumruhusu kuingia katika jengo la klabu. Mwaka 1965 alishinda tena, safari hii akimpita Gary Player, bingwa wa dunia. Baada ya hapo serikali ya makaburu ilimzuia asicheze katika mashindano makubwa ya nchi hiyo.

Seve Ballesteros wa Hispania naye alitoka katika kijiji cha Pedreña, akabeba mikoba utotoni. Hakuruhusiwa kucheza kiwanjani apendavyo, hivyo alijifunza kwenye mchanga wa ufukwe kwa fimbo moja tu ya chuma, ile ya namba 3. Kijana huyo alikuja Nairobi mwaka 1978 akashinda mashindano ya wazi ya Kenya kwenye kiwanja cha Muthaiga, na mwaka uliofuata akawa bingwa wa mashindano ya wazi ya Uingereza. Mchanga na fimbo moja vilimtosha kuanza.

MAZOEZI YA NYUMBANI

Ndugu msomaji uliye Tabora, Urambo au Nzega waweza kuuliza: nitajifunzaje nami niko mbali na kiwanja cha gofu? Jibu lipo katika hesabu ya mchezo wenyewe. Viwanja vingi vya ubingwa vimepangiwa mikwaju 72, na katika hiyo, mikwaju 36, yaani miwili kwa kila shimo, imetengwa kwa ajili ya kusukuma mpira taratibu kwenye eneo laini linalozunguka shimo. Nusu ya mchezo, basi, huchezwa mahali padogo kama uwanja wa nyumba.

Kwa hiyo anzia hapo. Fagia uwanja, lainisha mchanga kwa ubao, kisha fukia kopo lenye upana wa sentimeta 11 hivi. Shimo halisi la gofu lina upana wa milimeta 108. Usidhani kwamba huo ni mchezo wa kitoto. Katika sehemu nyingi za bara, ambako maji ya kumwagilia nyasi yalikuwa haba, klabu zenyewe zilicheza kwenye mchanga ulioshindiliwa badala ya nyasi. Wao waliuchanganya na mafuta machafu ya magari; wewe usifanye hivyo nyumbani, kwani mafuta huharibu udongo na maji ya kisima.

Weka mpira hatua moja kutoka shimoni, macho yako yawe juu ya mpira, mabega yasukume kama bembea, na viganja vitulie. Usihamie hatua ya pili mpaka mipira kumi imeingia kwa mfululizo. Kisha hatua ya tatu, na ya nne. Hivyo ndivyo msafara ulivyokwenda, kambi kwa kambi. Kwa umbali wa zaidi ya hatua tano, shughulika na nguvu ya pigo zaidi kuliko shabaha, maana wengi hukosea kwa kupitiliza au kutofika, si kwa kwenda kando.

Zoezi la pili ni la kuinua mpira. Weka ungo umbali wa hatua kumi, na ujaribu kuudondosha mpira ndani yake kwa pigo fupi. Zoezi la tatu ni la mchangani: piga mchanga, sentimeta tano hivi nyuma ya mpira, wala usipunguze kasi katikati ya pigo. Mchanga ndio utakaoutoa mpira.

Pigo refu ndilo linalowatia watu tamaa, na ndilo linalowaharibu. Shika fimbo kwa wepesi, kama mtu ashikavyo kifaranga asikiumize. Kila aliyesoma shule zetu amewahi kukata majani kwa fyekeo, na anajua kwamba anayelazimisha kwa nguvu za mkono huchoka mapema na kuacha majani yamesimama. Aliye stadi huacha uzito wa chuma ufanye kazi. Fimbo ya gofu nayo ni hivyo. Mwili uzunguke kiunoni, kichwa kitulie, na pigo liendelee hata baada ya mpira kuondoka. Fimbo moja ya chuma namba 7 inamtosha mwanafunzi kwa miezi mingi. Lakini mazoezi ya pigo refu yafanyike mahali peupe tu, mbali na watoto, mifugo na madirisha. Mpira wa gofu ni mgumu, na waweza kumtoa mtu jicho.

KUKABILI KIWANJA KIGUMU

Siku itafika ambapo mwanafunzi atapanda gari moshi kwenda Dar es Salaam na kukanyaga kiwanja cha kweli, iwe Gymkhana au Lugalo, kiwanja kinachoendeshwa na Jeshi la Wananchi. Akienda kaskazini atakuta viwanja vya Arusha na Moshi. Na huenda Mungu akamjalia kufika Muthaiga au Entebbe.

Jambo la kwanza atakalolihisi ni hewa. Tabora iko kiasi cha meta 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya mwinuko huo ni nyepesi kuliko ya pwani, hivyo mpira huenda mbali zaidi. Pigo la meta 150 katika Tabora laweza kupungukiwa meta sita au saba huko Dar es Salaam, kabla hujahesabu upepo wa baharini. Nairobi, iliyo juu zaidi, mambo hugeuka tena. Ardhi nayo hubadilika. Wakati wa kiangazi imekauka, na mpira hubingirika mbali. Wakati wa masika huzama pale pale ulipoangukia. Kila mahali pana tabia zake: huko Jinja, kando ya mto Nile, klabu ilijiwekea kanuni kwamba mpira ukitumbukia katika unyayo wa kiboko, mchezaji auokote na kuuweka kando bila adhabu.

Jambo la pili ni kuacha ubishi na ardhi. Tuchukue mfano. Shimo liko umbali wa meta 380, limepangiwa mikwaju minne, na mbele ya meta 180 pana kijito. Mwanafunzi wetu ana pigo la uhakika la meta 160. Akipiga 160, kisha 140, kisha 80, amefika karibu na shimo kwa mikwaju mitatu. Akisukuma mara mbili, amemaliza kwa mitano. Mwenzake aliyetaka kukivuka kijito kwa pigo moja ameupoteza mpira majini, ameongezewa mkwaju wa adhabu, na pigo lake la tatu analipiga akiwa bado upande ule ule wa maji. Akimaliza kwa saba ashukuru. Mwenda pole hajikwai.

Kwa hiyo kabla ya kucheza kiwanja kigumu, kitembee kwanza bila fimbo, au muulize mbeba mkoba na umsikilize. Viwanja vya ubingwa vimetengenezwa vimtamanishe mtu mwenye pupa: maji huwekwa pale hasa macho yanapotamani, na mchanga pale mpira mzuri kidogo unapoishia.

HESABU YA KWELI

Liko jambo moja katika gofu linalofaa kufundishwa watoto hata kama hawatashika fimbo kamwe. Kwa kawaida hakuna mwamuzi anayemfuata mchezaji na filimbi. Kila mtu huitaja hesabu yake mwenyewe, na mpira ukisogea kwa kosa lake porini, ambako hakuna aliyemwona, anapaswa kujiongezea mkwaju.

Tena mchezo huu una utaratibu uitwao hendikapu, ambao kwa huo asiyejua sana hupunguziwa mikwaju ili aweze kushindana na aliye stadi. Kwa kanuni za dunia zilizoanza mwaka 2020, anayeanza aweza kupewa hadi mikwaju 54. Kwa njia hiyo baba na binti, fundi na mwanafunzi wake, wote huweza kushindana kwa haki. Na wasichana wasidharauliwe: kina Madina Iddi, Angel Eaton na Hawa Wanyeche wameipeperusha bendera ya Tanzania katika mashindano ya nje.

Lililobaki ni mlango. Viwanja vya gofu hula ardhi kubwa na maji mengi, na ardhi hiyo haiwezi kuhesabiwa kuwa imetumika vyema ikiwa watu wachache tu ndio wanaoikanyaga. Klabu zikitenga siku kwa watoto wa shule, zikawapa wabeba mikoba nafasi ya kucheza na fimbo za kujifunzia, taifa litavuna wachezaji kutoka mahali ambapo hapajawahi kutazamwa. Papwa alipewa kombe lake mvuani kwa sababu mlango ulifungwa kwa sheria. Kwetu hakuna sheria ya namna hiyo, lakini mlango waweza pia kufungwa kwa bei na kwa mazoea.

Wakati huo ukisubiriwa, uwanja wa nyumba upo, mchanga upo, na kopo halikosekani. Jumapili moja ya kiangazi, jua likiwa bado halijapanda, yatosha kuanza safari.