Sindano ya uchungu huhatarisha watoto wa nguruwe
BAADHI ya wafugaji humdunga nguruwe oksitosini uchungu uanzapo tu, wakitumai atazaa upesi. Pupa hiyo huwaponza.

Dawa hiyo hukaza misuli ya mji wa mimba. Ikitolewa kabla mlango wa uzazi haujafunguka, au kwa kipimo kikubwa, kitovu huweza kubanwa au kukatika na kivinimbi akakosa hewa akiwa bado tumboni. Wengine huzaliwa wafu. Wengine hai lakini dhaifu, wasiweze kunyonya maziwa ya kwanza ambayo ndiyo kinga yao.

Kwa kawaida vivinimbi hufuatana kwa takriban dakika 20. Zikipita 45, nguruwe achunguzwe kwanza kwa mkono safi wenye glavu. Aliyekwama hatolewi kwa sindano, na kipimo huamuliwa na daktari wa mifugo.