Matangazo ya dawa za akili na mgonjwa asiyeonekana Garissa

MWANAMKE wa miaka 35 ambaye hajaolewa alitumiwa mwaka wa 1970 kuwauzia madaktari wa Marekani dawa ya Valium. Tangazo hilo la kampuni ya Roche, lililotolewa katika jarida la kitabibu, lilimpa jina la Jan na kuonyesha picha zake akiwa na mwanamume huyu na yule, mwaka baada ya mwaka. Kukosa mume kuligeuzwa dalili ya ugonjwa.

Wazee nao hawakusazwa. Katika miaka ya 1950, dawa ya Thorazine ilinadiwa kuwa tiba ya mzee mkali anayewasumbua watu wa nyumbani kwake. Walioahidiwa nafuu hapo ni hao wa nyumbani, si mzee mwenyewe.

Wala si mambo ya kale tu. Mwaka wa 2005, mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kuwa dawa za aina ya Zyprexa huongeza hatari ya kifo kwa wazee wenye maradhi ya usahaulifu. Mwaka wa 2009, kampuni ya Eli Lilly ilikiri kosa la kuinadi Zyprexa kwa wazee hao hao bila idhini, ikakubali kulipa dola bilioni 1.4.

Je, haya yanamhusu vipi mkazi wa Garissa? Nchini Kenya, dawa zinazohitaji cheti cha daktari haziruhusiwi kutangaziwa umma. Lakini Jan hakuchorewa umma. Alilengwa kwa daktari, mwenye kalamu ya kuandika cheti, ili amtambue mgonjwa wa aina hiyo aingiapo mlangoni. Asiyefanana na picha hiyo hupitwa.

Katika kambi za Dadaab, zilizofunguliwa kuanzia 1991, wakimbizi wa Kisomali wana neno buufis: hamu ya kuhamia ng'ambo inayomtawala mtu, na pia maradhi ya moyo na akili yanayomshika matumaini hayo yakikatika. Hakuna tangazo lililowahi kumchora mgonjwa huyo.

Nasi tunazo picha zetu, ambazo hakuna kampuni iliyozilipia. Kijana akizungumza peke yake, husemwa ni miraa. Mwanamke akikosa usingizi, ni jini au mawazo ya ndoa. Ajuza akisahau majina ya wajukuu, ni uzee. Kweli, miraa nyingi yaweza kuchochea wazimu. Ila jibu likishatolewa, hakuna anayeuliza zaidi. Na kutoka Garissa hadi Hospitali ya Mathari, Nairobi, ni safari ya zaidi ya kilomita 350.

Anayeandikiwa dawa ya kutuliza ana haki ya kuuliza ugonjwa wake unaitwaje, dawa ni ya siku ngapi na itakomeshwa vipi. Dawa za jamii ya Valium huzoesha mwili, huwaangusha wazee, na aliyezitumia kwa muda mrefu hapaswi kuziacha ghafla.