Hp, wati, uniti: jua mashine itakula tokeni ngapi kabla hujailipia

Mfugaji wa Bahati akienda Nakuru mjini kununua mashine ya kukata majani ya ng'ombe, muuzaji humwambia, "Hii ni hp 3." Balbu za nyumbani zimeandikwa wati. Akinunua tokeni kwa simu, ujumbe unakuja na uniti. Jenereta ya jirani nayo imeandikwa kVA. Usipojua kuyaunganisha majina haya manne, utalipia mashine leo, halafu mwezi ujao ushangae pesa za tokeni zinaenda wapi. Hebu tuyapange.

Wati na kilowati

Wati hupima kasi ambayo kifaa kinakula stima. Wati 1,000 ni kilowati 1, yaani kW 1. Kilowati 1,000 ni megawati 1. Balbu ya nyumbani inaweza kuwa ya wati 9 tu, lakini kituo cha mvuke cha Sosian kule Menengai, jirani na Bahati, ni cha megawati 35.

Hp

Hizi ni nguvu za farasi. James Watt wa Uskoti alizitumia katika karne ya 18 kulinganisha injini za mvuke na farasi. Hp 1 ni wati 746. Kwa hivyo hp 3 ni 3 × 746 = wati 2,238, karibu kW 2.24.

Lakini ngoja kidogo. Hp ya mota ni nguvu inayotoka, sio stima inayoingia. Nyingine hupotea kama joto. Tuseme mota yako inatumia vizuri asilimia 80 ya stima inayopewa: 2.24 ÷ 0.8 = kW 2.8. Hiyo ndiyo mita itahesabu.

Uniti

Uniti moja ni kilowati 1 ikitumika kwa saa 1. Zidisha kilowati kwa saa:

- Nusu saa kwa siku: 2.8 × 0.5 = uniti 1.4
- Siku 30: 1.4 × 30 = uniti 42

kVA

Jenereta nyingi huhesabiwa kwa kuzidisha kVA kwa 0.8. Ya kVA 5 inakupa kama kW 4. Usiseme basi inatosha mota ya kW 2.8: mota ikiwashwa huvuta stima mara kadhaa zaidi kwa sekunde chache. Muulize fundi kwanza.

Sasa tuje kwa pesa

Fungua ujumbe wako wa mwisho wa tokeni. Kama kuna deni lililokatwa, litoe kwanza, kisha gawanya pesa zilizobaki kwa uniti ulizopata. Kwa mfano, ikiwa shilingi 500 zilikupa uniti 20, kila uniti ilikuwa shilingi 25. Uniti 42 ni shilingi 1,050 kwa mwezi.

Chukulia hiyo kama makadirio ya chini, kwa sababu mbili. Kwanza, bei hupanda na kushuka kila mwezi kufuatana na gharama ya mafuta na thamani ya dola. Pili, tangu Aprili 2023 daraja la bei nafuu zaidi kwa nyumba ni la anayetumia hadi uniti 30 kwa mwezi. Nyumba ya uniti 20 ikiongeza mashine hii inafika uniti 62. Hapo hutalipia uniti nyingi tu, bali pia bei ya kila uniti itapanda.

Kabla hujalipa

1. Soma kibati cha mota. Kikionyesha kW peke yake, uliza kama ni nguvu inayoingia au inayotoka.
2. Hesabu saa za kweli utakazotumia kwa siku.
3. Linganisha gharama ya mwezi na pesa za maziwa unazotarajia.
4. Ukinunua tokeni, hakikisha nambari ya mita ni yako kabla ya kuweka PIN. Na PIN usimpe mtu, hata fundi.

Hesabu hii utaimaliza kwa dakika tano ukitumia kikokotoo cha simu yako. Ifanye ukiwa bado dukani, pesa zikiwa bado zako.