Ng'ombe Anatoa Nani? Tuzo, Ubashiri na Uhakiki wa Kijiweni

Utangulizi

Darasani tunafundishwa kwamba mhakiki ni daraja kati ya msanii na jamii yake. Ni kauli nzuri, na kwenye mtihani haikosi maksi. Lakini ukiuliza mhakiki huyo anakaa wapi, wengi wetu tutajibu kwamba anakaa maktaba. Makala haya yanakusudia kuonesha kwamba mhakiki anakaa pia kijiweni, na kwamba ile mijadala ya mashabiki kabla ya tuzo za kimataifa za muziki (nani kateuliwa, nani atashinda, kwa nini) ni uhakiki wenye vigezo na hoja zake. Mfano wetu ni mjadala uliofanyika Balangdalalu, wilayani Hanang, mwezi Juni 2021, Diamond Platnumz alipokuwa akiwania tuzo ya BET ya Marekani, kipengele cha Msanii Bora wa Kimataifa.

Nilikuwa likizo. Nje ya kibanda cha kinyozi tulikuwa vijana sita au saba, kila mtu na ubashiri wake, na sauti zilikuwa juu kweli kweli. Pembeni alikaa babu mmoja wa Kibarabaig, fimbo magotini, akisubiri simu yake ichajiwe. Akatusikiliza muda mrefu, kisha akauliza, "Wajukuu zangu, huyo kijana wenu akishinda, ng'ombe anatoa nani?"

Tukacheka. Mmoja akamjibu, "Babu, hawatoi ng'ombe, wanatoa sanamu." Babu akatikisa kichwa, akasema, "Sikuuliza wanatoa nini. Nimeuliza anatoa nani." Kusema kweli, swali hilo sijaweza kuliacha mpaka leo.

Tuzo na kutuza

Tuanze na neno lenyewe. "Tuzo" linatokana na kitenzi "kutuza", na kutuza kwa Kiswahili si kazi ya ofisi. Anayetuza ni mtu aliyekaa ukumbini, akaguswa, akainuka na noti mkononi, akaenda mpaka kwa mwimbaji. Kwenye taarabu jambo hili lina maana zaidi ya fedha. Shabiki huchagua mstari wa kuinukia, na ukumbi mzima hujua kwa nini kainuka hapo na si kwingine, na pengine hujua kamlenga nani. Huo ni ufafanuzi wa matini unaofanywa kwa miguu badala ya kalamu.

Mashindano nayo si mageni kwetu. Ranger, katika kitabu chake cha 1975 kuhusu ngoma ya beni, ameeleza jinsi makundi ya Marini na Arinoti yalivyoshindana kwa nyimbo, mavazi na magwaride katika miji ya Afrika Mashariki. Miaka ya 1990 Dar es Salaam ilishuhudia mpambano wa TOT na Muungano, Khadija Kopa upande huu, Nasma Khamis upande ule, mashabiki wakigawanyika kama Simba na Yanga. Katika mapambano hayo hakukuwa na haja ya jopo la majaji. Waliojaza ukumbi na kutunza wasanii wao ndio waliokuwa majaji.

Hata swali la babu lina mizizi. Kwa Wabarabaig wa zamani, kijana aliyeua simba alisifiwa kwa nyimbo na kuzawadiwa ng'ombe na jamaa zake. Mtoa ng'ombe alikuwa anajulikana kwa jina na boma. Kwa hiyo babu hakuwa anauliza habari za mifugo. Alikuwa anauliza: ni nani aliyesikia wimbo huu, akaguswa kiasi cha kutoa chake?

Vigezo vya kijiweni

Sasa turudi kwenye kibanda. Ukichuja kelele, utaona pale palikuwa na kambi tatu.

Kambi ya kwanza ilibashiri kwa historia. Hawa walisema Burna Boy wa Nigeria atachukua, kwa sababu alikwishachukua 2019 na 2020, na Machi 2021 alikuwa ametoka kupata Grammy. Diamond, walisema, aliteuliwa 2014 akashindwa na Davido, ambaye walikuwa wameimba naye "Number One" ya pili. Akateuliwa tena 2016, akachukua Black Coffee wa Afrika Kusini. "Sasa mara ya tatu kimebadilika nini?" Hii, wasomaji wenzangu, ni mbinu ya kihistoria: kazi haisomwi peke yake, husomwa ndani ya mkondo wa kazi zilizoitangulia.

Kambi ya pili ilibashiri kwa wimbo. Walijadili "Waah!", ambao Diamond aliutoa Novemba 2020 pamoja na Koffi Olomidé. Mmoja alisema ule ni wimbo wa Kikongo uliovaa kanzu ya Kiswahili, na kwamba Mmarekani hawezi kuona upya wake. Mwingine akamkatalia: dansi ya Kongo imekaa Tanzania tangu enzi za babu zetu, ugeni uko wapi hapo? Huo ni mjadala wa fani na uasili ambao tunaulipia ada hapa chuoni. Pale ulikuwa bure, tena ulikuwa mkali zaidi.

Kambi ya tatu ilibashiri kwa mtu, na hii nitaieleza peke yake.

Kabla ya hapo kuna jambo moja ambalo kijiwe kizima hakikuliona, nami sikuliona wakati ule. Wote tulikuwa tunahimizana "tupige kura". Kipengele kile hakipigiwi kura na watazamaji. Huamuliwa na jopo la watu wa tasnia ya burudani na habari waliochaguliwa na BET wenyewe. Lakini BET wamewahi kuwa na tuzo za chaguo la watazamaji, na hapo hadithi ni nyingine. Mwaka 2015 Eddy Kenzo wa Uganda alishinda tuzo ya aina hiyo. Mwaka 2017 Rayvanny naye akashinda, Mtanzania wa kwanza kupata BET. Tazama basi: penye kura ya watazamaji, Afrika Mashariki imewahi kushinda, tena kwa waimbaji wa Kiganda na Kiswahili. Penye jopo, Diamond alikwama mara zote.

Mifano mitano si utafiti, na sidai kwamba jopo linatuonea. Wingi wa kura nao unapima wingi wa mashabiki. Haupimi ubora wa wimbo. Ninachosema ni kwamba majaji hao wawili wanajibu maswali mawili tofauti, na sisi tunayaita yote "tuzo". Ni penye kura ya watazamaji tu ndipo kuna harufu ya kutuza.

Msanii na kazi yake

Mwezi huohuo Watanzania kadhaa walianzisha ombi mtandaoni wakitaka jina la Diamond liondolewe. Hoja yao ilikuwa kwamba aliimba katika kampeni za Rais John Magufuli mwaka 2020, wakati ambapo wao waliona haki za raia zikibanwa, naye akakaa kimya. Maelfu walitia saini. Wengine, nao ni wengi, waliliona ombi hilo kuwa ni wivu na kuisaliti nchi.

Kibandani petu jambo hili nusura livunje urafiki. Mimi nilishika upande wa "muziki ni muziki". Rafiki yangu wa tangu darasa la kwanza alinijibu, "Wewe unasikia ngoma, mimi namsikia mtu." Tulikaa wiki nzima bila kusalimiana.

Nilipofika chuo nikakutana na insha ya Roland Barthes ya 1967 kuhusu kifo cha mwandishi, nikafurahi mno, nikadhani hatimaye nimepata fimbo ya kumchapia yule rafiki. Lakini kila nikikumbuka swali la babu, fimbo inaniponyoka. Barthes alikuwa anazungumzia msomaji na maandishi. Anayetuza hatuzi maandishi. Anamwendea mtu, anamtazama usoni, ukumbi mzima unamwona. Katika sanaa yetu ya kuimba, mwandishi hafi kirahisi namna hiyo, kwa sababu yuko jukwaani anapokea.

Kwa hiyo leo nakubali kwamba kukataa kutuza ni uhakiki halali. Hata hivyo naona mpaka. Anayekataa kutuza anabaki na shilingi yake mkononi. Anayetaka jina lifutwe anaifunga na mikono ya wengine. Najua nitajibiwa kwamba shilingi ya mtu mmoja haisikiki mpaka Marekani, na kwamba sauti ya pamoja ndiyo silaha pekee ya mnyonge. Hoja hiyo ina uzito, nami sina jibu la kuimaliza.

Hitimisho

Tarehe 27 Juni 2021 Burna Boy alishinda, mara ya tatu mfululizo. Kwa saa zetu ilikuwa alfajiri ya Jumatatu. Asubuhi ile kambi ya kwanza ilitamba, kambi ya pili ikasema wimbo umeonewa, kambi ya tatu ikasema haki imetendeka. Matokeo yalikuwa mamoja, tafsiri zikawa tatu. Rafiki yangu alikuja kunyoa, akanisalimia, tukaanza upya kubishana.

Tunahitimisha kwa rai. Wanafunzi wa fasihi simulizi tunapokwenda uwandani hukimbilia methali na ngano, tukimpita kijana wa kijiweni anayebashiri. Tumsikilize na tumwandike, kabla matokeo hayajatoka, maana matokeo yakishatoka kila mtu hudai alijua. Ubashiri ndio sehemu pekee iliyobaki mikononi mwa shabiki pale ambapo tuzo inatolewa mbali naye. Hana ng'ombe wa kutoa, ila ana neno.

Na wenzetu wenye maoni tofauti, hasa kuhusu lile ombi, kurasa hizi ni zenu.