Jumapili ya Dar huuzwa kwa kiti

Kabla familia ya Mbagala haijafika Coco Beach, imeshapiga hesabu ya nauli. Watu watano kwenda na kurudi ni nauli kumi, na kwa kuwa njia yenyewe ni ya kuunganisha magari, zinaweza kufika ishirini. Mtoto wa kupakata halipi, na konda akiwa na roho nzuri wadogo wawili watabanana siti moja, lakini nafuu hiyo ni ya kubahatisha. Kinachobaki mfukoni baada ya nauli ndicho kinachogombewa ufukweni na mkaanga mihogo, mchoma mishikaki, muuza madafu, mkodisha maboya, mpiga picha, mlinda magari, hadi mtoza hela ya choo.

Sensa ya 2022 iliukuta mkoa wa Dar es Salaam na wakazi 5,383,728. Hata wakitoka wachache tu kati yao kila Jumapili kwenda kula bata na watoto, hilo ni soko kubwa, na sehemu yake kubwa haionekani kwenye hesabu za utalii. Utalii wa ndani unaosomwa bungeni ni ule wenye geti: Mikumi, Ngorongoro, makumbusho. Ufukwe wa Coco hauna geti wala tiketi, hivyo aliyekaa pale kuanzia saa tisa alasiri hadi giza likaingia hakuhesabiwa na mtu.

Aliyemhesabu ni mwenye banda. Ukishuka kutoka Barabara ya Toure kuelekea mchangani, wanaokupokea ni vijana wa kuita wateja, nao husema jambo moja: "Karibu bosi, karibu shemeji, viti vipo, kivuli kipo!" Hawatangazi mihogo. Mihogo ya banda hili na la jirani inafanana, imekaangwa kwenye makarai yanayofanana, ina kachumbari na pilipili ileile. Kinachotofautisha ni kiti kisichovunjika mguu, turubai lisilovuja, na umbali wa meza kutoka maji yanapochezewa na watoto. Bei ya sahani ya mihogo imebeba ndani yake kodi ya kiti, na ndiyo maana mihogo hiyohiyo ikiuzwa kwenye kibaraza cha Manzese huwa rahisi zaidi bila mtu kulalamika kwamba ya Coco imempunja.

Ukiitazama biashara kwa jicho hilo, mambo mengi yanaeleweka. Chukua banda la mfano lenye meza kumi. Familia hufika alasiri na hawaondoki mpaka watoto wachoke maji, tuseme muda wa saa tatu. Kutoka saa tisa mchana hadi saa tatu usiku ni saa sita, kwa hiyo kila meza itakaliwa mara mbili tu: familia ishirini kwa siku nzima, na siku yenyewe ni moja kwa wiki, mbili Jumamosi ikichangamka. Mwenye banda hawezi kuongeza meza kwa sababu mchanga una mpaka, wala hawezi kumfukuza mteja aliyemaliza kula. Njia aliyobaki nayo ni kila kiti kilipe zaidi. Ndiyo sababu mhudumu hakuachi ukae na chupa tupu, anapita na trei yake anauliza kwa upole, "Niwaongezee nini, mama?" Ukisema bado, anarudi. Na atakayekuja na hotipoti lake la pilau kutoka nyumbani ataulizwa mapema kama atachukua vinywaji, maana viti ni vya wateja.

Vinywaji ndivyo vinavyobeba banda. Soda isiyouzwa leo itauzwa wiki ijayo. Muhogo haungoji: ukishang'olewa, ndani ya siku mbili tatu unaanza kuweka mistari ya buluu na kuharibika. Unatoka mashamba ya Pwani, Mkuranga na Kisarawe, na mnunuzi lazima akisie Ijumaa au Jumamosi wateja wangapi watakuja Jumapili. Akikisia vibaya, mvua ikanyesha saa nane mchana, hasara ni ya siku hiyo hiyo. Muhogo wenyewe si ghali. Kinachouma ni mafuta ya kukaangia. Bei ya mafuta ya kula ilipopanda mwaka 2022, wakaangaji hawakuweza kupandisha bei ya sahani kwa kasi ileile, maana mteja wa mihogo anaijua bei kwa kichwa. Vipande vikapungua.

Pweza ni hesabu nyingine kabisa. Huyo ana soko nje ya nchi. Wachuuzi wanaokusanya pweza wa Mafia na Kilwa kwa ajili ya viwanda vya kusafirisha Ulaya wanashindana na mama wa supu wa mjini, na mara nyingi wanamshinda. Kikombe cha supu ya pweza kilichouzwa kando ya barabara jioni kimefuata, kwa kiasi fulani, bei ya meza za Hispania na Italia.

Halafu kuna bahari yenyewe, ambayo wachambuzi wa biashara ndogondogo huisahau. Pwani ya Dar, siku za bamvua, za mwezi mpevu na mwezi mchanga, maji hujaa karibu na saa kumi alasiri, na tofauti kati ya kupwa na kujaa inaweza kukaribia mita nne. Yaani Jumapili ya bamvua maji yanapanda mchangani saa ileile wateja wanapofika. Eneo la kuweka viti linabanwa, watoto hawana pa kuchezea, na wazazi wanaogopa mawimbi. Wiki inayofuata maji ni mafu: alasiri bahari iko mbali, mchanga mpana, meza zinasogezwa mbele, mauzo yanapanda. Wenye mabanda wazoefu wanajua hivyo bila kitabu cha jedwali la maji. Mwezi mpevu ukiangukia Jumapili ya mshahara, wananung'unika tangu Jumatano.

Mshahara nao una bamvua yake. Jumapili ya kwanza baada ya watu kulipwa haifanani na ya tatu, na Januari, mwezi wa ada na sare, viti vingi hukaa tupu. Masika, kati ya Machi na Mei, ni kipindi cha kuishi kwa akiba. Ramadhani mchana hupoa, ila baada ya futari watu hutoka. Kinachookoa mwaka ni sikukuu: Idd mosi na pili, Pasaka, Krismasi na siku inayofuata, Mwaka Mpya. Siku hizo mabembea na majumba ya kuruka ya watoto hutokea kila penye uwazi, na wapiga picha wenye mashine za kuchapa papo hapo hurudi, ingawa simu zimewala sana. Sasa wengi wao wanauza picha kwa kutuma WhatsApp, na mteja analipa kwa Lipa Namba akiwa bado amelowa.

Ng'ambo ya pili, Kigamboni, hesabu inaanzia kwenye pantoni. Nauli ya mtembea kwa miguu kutoka Magogoni imekuwa shilingi 200 kwa miaka mingi, na sidhani kama kuna matembezi mengine ya baharini ya bei hiyo hapa nchini. Kwa mtoto wa Tandika, kuvuka tu ni nusu ya starehe. Shida ni foleni ya kurudi jioni ya sikukuu. Wenye magari wana Daraja la Kigamboni, la mita 680, lililojengwa kwa fedha za NSSF na Serikali na kufunguliwa Aprili 2016, ila wanalilipia. Fukwe za huko nyingi ziko chini ya watu binafsi, na huuza kiti waziwazi: unalipa kiingilio mlangoni, na baadhi yao hukigeuza kuwa kinywaji ukifika kaunta. Huo ni ujanja mzuri. Mteja anahisi hajalipia kukaa, na mwenye ufukwe ana uhakika wa mauzo ya chini kwa kila kichwa. Kunduchi, kwenye mabwawa na mabomba ya kuteleza ya Wet 'n' Wild, kiingilio ndicho biashara yenyewe, na familia ya kipato cha kati huipanga safari hiyo kwa siku ya kuzaliwa au kufaulu mtihani.

Visiwa vya Mbudya na Bongoyo viko kwenye maeneo tengefu ya bahari yaliyotangazwa mwaka 1975. Kule unalipa mara mbili kabla hujakaa: boti, kisha ada ya hifadhi. Samaki wa kukaanga na chipsi wanaoletwa kwenye kibanda cha makuti cha Mbudya ni ghali, na watu hulalamika, lakini maji ya kunywa, barafu, mkaa na viazi vyote vimevushwa kwa boti. Anayelinganisha bei hiyo na chipsi za Sinza anasahau gharama ya kuvusha.

Je, kiti kikitolewa bure biashara inakufa? Jibu liko Unguja. Bustani ya Forodhani ilikarabatiwa na mfuko wa utamaduni wa Aga Khan na kufunguliwa upya mwaka 2009. Kuna viti vya kujengwa, kingo za kukalia, taa, na njia zinazopitika. Familia za Mji Mkongwe na Ng'ambo hukaa bila kudaiwa. Wauzaji wa mishikaki, urojo na pizza ya Zanzibar hawana kiti cha kuuza, kwa hiyo wanashindana kwa ladha, kwa maneno na kwa bei. Meza moja inahudumia mteja baada ya mteja jioni nzima kwa sababu mlaji akishapokea sahani anaondoka na kwenda kukaa kwingine. Kwa Dar, somo la kibiashara ni kwamba benchi la umma halimnyang'anyi muuza chakula mteja. Linamwongezea mzunguko.

Tatizo la Dar ni moja: mabenchi hayo yako wapi? Kwa jiji la ukubwa huu, bustani za umma zinahesabika kwa vidole: Mnazi Mmoja, bustani ya mimea iliyoachwa na Wajerumani karibu na Makumbusho ya Taifa, na vipande vingine ambavyo mara hii ni viwanja vya mpira, mara nyingine ni maegesho. Kijiji cha Makumbusho, kilichofunguliwa 1966, kina kivuli na ngoma, na kwa maoni yangu ndiyo matembezi ya familia yanayopuuzwa kuliko yote mjini. Msitu wa Pugu uko karibu kuliko watu wanavyodhani. Tangu Juni 2024 kuna mshindani mpya: treni ya SGR hadi Morogoro kwa shilingi 13,000 daraja la kawaida, chini ya saa mbili. Familia inayoweza kulipa hiyo kwenda na kurudi ndiyo iliyokuwa ikilipa vizuri zaidi Kigamboni.

Mwenye banda wa Coco angependa kuboresha, lakini amekaa juu ya ardhi isiyo yake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, na ni sheria nzuri. Bila hiyo ufukwe ungeshazungushiwa ukuta. Matokeo yake ni kwamba viti lazima vihame kila usiku, vilipiwe ghala na mlinzi, na benki haikopeshi kwa dhamana ya turubai. Vitambulisho vya wajasiriamali vya shilingi 20,000 vilivyotolewa kuanzia Desemba 2018 viliwalenga wenye mauzo yasiyozidi shilingi milioni 4 kwa mwaka. Zigawe kwa Jumapili 52: ni kama shilingi 77,000 kwa Jumapili. Banda letu la mfano la familia ishirini linauvuka mpaka huo kila meza ikitumia shilingi 4,000 tu, wakati bado ni dogo mno kuingia kwenye mikopo ya kawaida. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ilisimamishwa 2023 ikarejea mwaka uliofuata, na kwa kawaida inataka kikundi. Vinavyobaki ni vikoba, na kwa asiye na bahati, mikopo ya kausha damu.

Mwenye milioni chache akiniuliza aweke wapi fedha zake kwenye Jumapili ya Dar, sitamwambia anunue karai la tano la mihogo. Nitamwambia ajenge vyoo na mabafu ya maji baridi. Mwangalie mama mwenye watoto watatu: saa ya pili ikifika, mmoja anataka kwenda haja, mwingine ana mchanga hadi masikioni, na choo kilichopo kina foleni au hakina maji. Hapo ndipo anaposema "twendeni nyumbani", na meza inakosa soda tatu na sahani moja ya mishikaki. Choo safi cha kulipia kinaingiza hela yake, na kinarefusha kikao kwenye kila banda jirani. Kwa kuwa hakiwezi kujengwa ndani ya mita 60, kitahitaji kipande cha ardhi ng'ambo ya barabara, kwa kibali cha manispaa na kwa mkataba wa miaka ya kutosha kurudisha mtaji. Wenye mabanda wangekuwa tayari kuchangia, kwa sababu wao ndio wanaojua familia inayoondoka baada ya muda wa saa mbili badala ya tatu inawagharimu kiasi gani.