Amana ya Tarakimu Kumi na Sita

Jambiani ni kijiji cha wavuvi na wakulima wa mwani, kusini-mashariki ya Unguja. Na leo ni kijiji cha wageni pia. Hoteli na nyumba za wageni zimejipanga kandokando ya pwani, na vijana wetu wengi wapata riziki humo. Mgeni aliyeko Ulaya aghalabu huweka chumba kabla ya safari kwa kutoa namba ya kadi yake ya benki. Namba hiyo ni amana. Basi twauliza: aliyeipokea aiweke wapi?

Wako wanaoinakili daftarini. Wako wanaoomba picha ya kadi, mbele na nyuma, ikabaki katika simu ya kazi ambayo kila mtu huishika. Hii ni khatari kubwa.

Wala mtu asidhani kwamba kampuni kubwa zimesalimika. Novemba 2018 kampuni ya hoteli ya Marriott ilitangaza kwamba wezi wameingia katika khabari za wageni wa hoteli za Starwood. Wezi hao walikuwamo tangu 2014. Marriott iliinunua Starwood mwaka 2016, wala haikujua kwamba imenunua nyumba pamoja na mwizi aliyemo ndani. Namba za pasipoti zaidi ya milioni 5 zilikuwa zimewekwa wazi, bila ya kugeuzwa maandishi ya siri. Mwaka 2020 Uingereza iliitoza faini ya pauni milioni 18.4.

Funzo letu ni hili: kisichowekwa hakiibiwi.

Mwenye hoteli atasema: “Mgeni asipofika, nitajilipa vipi?” Hoja yake ni ya haki, na jawabu ipo. Kampuni za malipo huipokea namba yenyewe, zikampa mwenye hoteli alama ya badali. Kwa alama hiyo aweza kumtoza mgeni wake. Lakini mwizi akiiba, haimfai kitu kwingineko.

Kanuni nazo zipo. Visa, Mastercard na kampuni nyingine tatu ziliunda baraza la kuzisimamia mwaka 2006. Tarakimu tatu za nyuma ya kadi haziruhusiwi kuwekwa malipo yakishaidhinishwa, hata kwa maandishi ya siri. Namba nzima ikiwekwa, yapasa isisomeke. Tanzania nayo ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023. Msingi wake mmoja ni kwamba khabari za mtu zisiwekwe kupita muda wa haja yake.

Enyi vijana mnaokaa mapokezi: msiandike namba ya kadi daftarini, na mkiletewa picha yake ifuteni. Nanyi wazazi mnaonunua kwa kadi, msipeleke picha yake kwa muuzaji yeyote, na someni khabari za hesabu yenu ya benki kila mwezi. Mkiona fedha msiyoijua, ijulisheni benki siku hiyo hiyo.

Jina jema la kijiji hujengwa kwa miaka mingi. Daftari moja lililoachwa wazi laweza kuliharibu kwa siku moja.