Kisu cha Daktari Si Mwisho wa Mbio

Tuseme umepasuliwa. Huenda ni mtoto aliyeshindikana kuzaliwa kwa njia ya kawaida, huenda ni kidole tumbo, huenda ni ngiri. Umetoka hospitalini, na jamaa wameamua uondoke Nairobi uende ukapumzike nyumbani Kalama, kule kwenye vilima vya Machakos.

Ukifika, kila mtu ana lake la kusema. Shangazi anakukataza kuinua hata sufuria. Jirani anaapa kwamba aliyepasuliwa hakimbii tena, eti mshono utafumuka. Mwezi unapita, wa pili, wa tatu. Kidonda kimekauka zamani, lakini bado umeketi chini ya mwembe ukiletewa kila kitu. Siku unapojaribu kupanda mlima kwenda barabarani, unahema kama mzee wa miaka 80.

Je, hayo ndiyo maisha yako tangu leo? La, hasha!

Mama aliyerudi na kasi zaidi

Mtazame Faith Kipyegon. Kufikia 2017 alikuwa bingwa wa Olimpiki na wa dunia katika mbio za mita 1,500, na muda wake bora ulikuwa dakika 3 na sekunde 56.41. Juni 2018 alijifungua binti yake, Alyn, kwa upasuaji wa dharura. Walikuwapo waliodhani habari yake imekwisha.

Hakuharakisha. Alirudi mashindanoni Juni 2019, mwaka mzima baada ya kujifungua. Oktoba mwaka huo alitwaa fedha mjini Doha kwa dakika 3 na sekunde 54.22, kasi ambayo hakuwahi kuifikia kabla ya kupasuliwa. Juni 2023, huko Florence, akawa mwanamke wa kwanza kukimbia mita 1,500 chini ya dakika 3 na sekunde 50. Julai 2025 aliipunguza rekodi yake hadi 3:48.68. Piga hesabu: mama huyu ana kasi kuliko msichana wa zamani kwa zaidi ya sekunde 7!

Haile Gebrselassie wa Ethiopia naye alipasuliwa kano ya kisigino baada ya Olimpiki ya Sydney ya 2000. Mwaka wa 2008 alivunja rekodi ya dunia ya marathoni mjini Berlin kwa saa 2:03:59. Na ni nani aliyeivunja rekodi hiyo, 2011? Ni Patrick Makau, mwana wa Machakos, kwa saa 2:03:38.

Wewe si Faith wala Haile, na huenda hutavaa medali yoyote. Lakini mwili wako hupona kwa kanuni zile zile.

Ngozi hudanganya

Kosa la wengi ni kuangalia kovu. Ngozi hujifunga katika muda wa wiki mbili hivi, nawe ukadhani umepona. Lakini aliyepasuliwa tumbo alikatwa tabaka kadhaa, na ule utando mgumu unaoshikilia misuli ya tumbo huchukua miezi kurudisha nguvu zake. Ukianza kuruka-ruka mapema, unaweza kujiletea ngiri mahali pa mshono.

Kosa la pili ni kinyume chake: kulala tu. Misuli hulegea, moyo huzoea uvivu, na damu inayokaa bila kutembezwa inaweza kuganda miguuni. Ndiyo maana wauguzi huwahimiza wagonjwa washuke kitandani mapema.

Basi anza kwa kutembea. Kalama ina miteremko mikali, kwa hivyo tafuta kwanza mahali tambarare, kama vile uwanja wa shule. Dakika 10 leo, na 15 wiki ijayo. Kwa akina mama waliojifungua, mwongozo uliotolewa na wataalamu wa tiba ya viungo wa Uingereza mwaka wa 2019 unashauri kungoja angalau miezi mitatu kabla ya kukimbia, na zaidi ikiwa kuna maumivu au mkojo unatoka wenyewe. Aliyepasuliwa moyo, mgongo au mfupa ana ratiba yake, na anayeijua ni daktari wake. Usikimbie kabla ya kumuuliza.

Daktari akikuruhusu, kimbia dakika moja, tembea mbili. Rudia mara nane, siku tatu kwa wiki. Kimbia polepole kiasi cha kuweza kuzungumza na mwenzako. Ukishindwa kumjibu, umezidisha. Wiki kwa wiki, punguza kutembea. Chukua daftari, uandike dakika unazotumia kutoka nyumbani hadi sokoni. Usishindane na watoto wa shule wanaokupita wakicheka. Shindana na daftari lako.

Kasi itakuja yenyewe, kwa sababu moyo uliofunzwa husukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo. Ukishakimbia nusu saa bila kusimama kwa miezi miwili hivi, ongeza siku moja ya mbio za haraka: dakika moja mbio, mbili polepole, mara sita. Vilima vya Kalama vije mwisho, na uvipande kabla ya kujifunza kuvishuka kwa kasi, maana mteremko hutikisa tumbo.

Usisahau sahani. Upasuaji hupunguza damu, na ndengu, majani ya kunde na nyama huirudisha.

Usipuuze dalili

Simama uende hospitali ukiona uvimbe karibu na kovu, usaha au damu. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au kifua kikibana na pumzi kukatika, usingoje kesho.

Nanyi jamaa za mgonjwa, kumpenda si kumfunga kwenye kiti. Mpokonyeni mtungi wa maji miezi ya kwanza, naam, lakini msimpokonye njia. Mmoja wenu na atembee naye jioni hadi barabarani.

Polepole ndiyo mwendo, walisema wahenga. Jumapili moja, ukiwa umekwenda Kalama kuwaamkia wazee, utaufikia ule mlima wa barabarani na kuumaliza bila kusimama. Hapo jirani yako atatafuta hadithi nyingine ya kusimulia.